Jinsi ya Kukamilisha Mkopo wa Nyumba Marekani Wakati Bima ya Mafuriko ya Serikali Imesimama

Usiku wa kuamkia Oktoba 1, 2025, uhai wa kisheria wa Mpango wa Taifa wa Bima ya Mafuriko wa Marekani, ambao watu wote wa biashara ya nyumba huko huuita NFIP, ulikoma pamoja na bajeti ya serikali, na hadi Novemba 12 hakuna aliyeweza kukata bima mpya kutoka kwenye mpango huo. Haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 2010 mpango ulisimama mara kadhaa, na kipindi kirefu kuliko vyote mwaka huo kilianza mwanzoni mwa Juni, wakati msimu wa vimbunga vya Atlantiki unapofunguliwa, kikaendelea hadi mwanzoni mwa Julai. Tangu mwaka 2017 Bunge la Marekani limekuwa likiurefusha mpango huu kwa vipindi vifupi vifupi, zaidi ya mara 30 sasa, na kila kipindi kinapokaribia kwisha, wanunuzi wa nyumba za Florida, Louisiana na Texas hukaa roho juu.

Mwongozo huu unamlenga Mswahili anayenunua nyumba Marekani kwa mkopo, au anayetaka kubadilisha mkopo alio nao, kisha anaambiwa na mkopeshaji kuwa nyumba iko kwenye ukanda wa mafuriko na kwamba bima ya serikali haipatikani kwa sasa. Hali hiyo haimaanishi kuwa ununuzi umekufa. Zipo njia tatu za kuendelea, na mpangilio wa kuzijaribu una maana kubwa: kwanza bima ya muuzaji, pili bima ya kampuni binafsi, na mwisho kabisa mkopo usio na bima, ambao sheria inauruhusu lakini ambao mzigo wake wote unakuangukia wewe.

Kwanza ni vyema kuelewa kwa nini mkopo na bima vimefungwa pamoja. NFIP iliundwa kwa sheria ya mwaka 1968, kwa sababu kampuni za bima zilikuwa zimekwepa kwa muda mrefu hatari ya mafuriko, na bima ya kawaida ya nyumba hadi leo hailipi maji yanayoingia kutoka nje kwa mafuriko. Mwaka 1973 Bunge liliongeza sharti: benki na wakopeshaji wanaosimamiwa na serikali ya shirikisho hawaruhusiwi kutoa, kuongeza, kuhuisha wala kurefusha mkopo unaodhaminiwa na jengo lililo katika eneo la hatari maalumu ya mafuriko, mpaka jengo hilo liwe na bima, ilimradi jamii ya mahali hapo imejiunga na mpango. Maeneo hayo ni yale ambayo ramani za shirika la dharura la FEMA huyapa alama zinazoanza na herufi A au V, ambako uwezekano wa mafuriko makubwa ni asilimia 1 kila mwaka. Asilimia 1 inasikika kama kitu kidogo, lakini katika mkopo wa miaka 30 inafikia takriban asilimia 26, yaani zaidi ya nyumba moja katika kila nne.

Kiasi cha bima kinachodaiwa ni kile kilicho kidogo zaidi kati ya vitatu: salio la mkopo, thamani ya jengo inayoweza kukatiwa bima, au kikomo cha mpango wa serikali, ambacho kwa nyumba ya familia moja hadi nne ni dola 250,000 za jengo. Vitu vya ndani vina kikomo chake cha dola 100,000. Ardhi haihesabiwi. Mtu aliyekopa dola 400,000 kwa hiyo haambiwi alete bima ya dola 400,000, na ukisikia wakala anakudai hivyo kana kwamba ni amri ya sheria, muulize amepata wapi kiwango hicho.

Mpango unaposimama, hausimami wote. Bima zilizo hai zinaendelea kulinda nyumba hadi tarehe iliyoandikwa kwenye hati, na madai ya fidia yanaendelea kulipwa maadamu fedha zipo, ingawa uwezo wa mpango kukopa kutoka Hazina hushuka kutoka dola bilioni 30.425 hadi bilioni 1. Kinachokatika ni bima mpya, uhuishaji wa bima zinazokwisha, na nyongeza ya kiwango kwenye bima iliyopo. Maombi yaliyofika kwa kampuni ya bima pamoja na malipo yake kabla ya tarehe ya kusimama yamekuwa yakiruhusiwa kuendelea. Hii ndiyo sababu mtu anayejua kuwa atasaini hati za kukamilisha ununuzi mwezi wa Oktoba hapaswi kungoja Oktoba ndipo alipe. Mwaka wa bajeti wa Marekani unamalizika Septemba 30, na tarehe hiyo mara nyingi ndiyo inayobeba uhai wa NFIP.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe.

Hakikisha kwanza kama nyumba imo kweli

Kabla ya kuhangaika na bima, thibitisha kuwa sharti linakuhusu. Ramani za FEMA ziko wazi kwa umma kwenye tovuti yake, na mtu yeyote anaweza kuandika anwani akaona ukanda. Fanya hivyo siku unayoanza kuipenda nyumba, kwa sababu mkopeshaji atafanya uchunguzi wake baadaye, akiwa tayari na ada zako mkononi. Uchunguzi wake huandikwa kwenye fomu maalumu ya serikali, na unayo haki ya kuomba nakala.

Soma fomu hiyo kwa makini katika jambo moja: sharti linahusu jengo, wala halihusu kiwanja. Kiwanja kinaweza kushuka hadi kwenye kijito, nusu yake ikawa ndani ya ukanda, ilhali nyumba imesimama juu, nje ya mstari. Hapo hakuna sharti la kisheria la bima, na kusimama kwa NFIP hakukuzuii chochote, ingawa mkopeshaji bado anaweza kudai bima kwa sera yake mwenyewe. Ikiwa jengo limewekwa ndani ya mstari na wewe unaamini liko juu ya kiwango cha maji ya mafuriko, mpimaji aliyesajiliwa anaweza kupima kimo chake, na FEMA ikaombwa itoe barua ya kurekebisha ramani. FEMA haidai ada kwa ombi la nyumba moja ya namna hiyo, lakini mpimaji utamlipa, na uamuzi unaweza kuchukua hadi siku 60 baada ya nyaraka kukamilika. Kwa mtu aliyebakiwa na wiki mbili kusaini, njia hiyo haitamwokoa, isipokuwa kama muuzaji aliwahi kupata barua hiyo miaka iliyopita na kuisahau kwenye kabati. Muulize.

Kuwa nje ya ukanda si kuwa salama. Nyumba nyingi zilizozama Houston wakati wa kimbunga Harvey mwaka 2017 zilikuwa nje ya mstari wa ramani, na wenye nyumba hizo wengi hawakuwa na bima yoyote ya maji.

Bima ya muuzaji

Hii ndiyo njia ninayoiweka mbele ya nyingine zote, na inashangaza kuona ni wanunuzi wangapi hawaambiwi kuwa ipo. Ikiwa muuzaji ana bima ya NFIP iliyo hai, bima hiyo inaweza kuhamishwa kwa mnunuzi pamoja na hati ya nyumba, hata wakati mpango umesimama, kwa sababu hapo haitolewi bima mpya. Ni ile ile inayobadilisha mwenyewe. Mkopeshaji anapata jengo lenye bima, wewe unapata ulinzi tangu siku ya kwanza, na hakuna anayelazimika kungoja Bunge.

Ipo faida ya pili ambayo huonekana baadaye. Tangu FEMA ilipobadilisha namna ya kukokotoa bei, kwa utaratibu ulioanza kutumika kwa bima mpya mwezi Oktoba 2021, nyumba nyingi zimekuta bei yao halisi iko juu kuliko wanayolipa, lakini ongezeko kwa makazi mengi ya kudumu haliwezi kuzidi asilimia 18 kwa mwaka. Mwenye bima ya zamani hupanda polepole kuelekea bei hiyo, na mnunuzi anayehamishiwa bima hurithi ngazi ile ile, wakati anayekata bima mpya huanza na bei kamili.

Utaratibu wake si mgumu. Mwombe muuzaji, kupitia wakala wake, ukurasa wa kwanza wa hati ya bima, ule unaoonyesha kiwango, tarehe ya mwisho na jina la kampuni. Linganisha kiwango na kile mkopeshaji anachodai, kwa sababu bima ya dola 120,000 haitatosha mkopo unaohitaji 250,000, na nyongeza haiwezekani mpaka mpango urudi. Angalia pia miezi iliyobaki: bima inayokwisha wiki tatu baada ya kusaini inakuhamishia tatizo lile lile. Kisha wakala wa bima ataandaa fomu ya uhamisho ambayo muuzaji lazima aisaini, na jina la mkopeshaji wako litaingizwa kama mwenye rehani. Malipo ambayo muuzaji alishayatoa kwa miezi iliyobaki kwa kawaida hurejeshwa kwake na mnunuzi kwenye hesabu ya siku ya kusaini. Weka jambo hili kwenye mkataba wa mauziano mapema, maana muuzaji akishapokea fedha zake, huna tena cha kumshika nacho.

Bima ya kampuni binafsi

Muuzaji asipokuwa na bima, geukia kampuni binafsi. Tangu Julai 1, 2019, wakopeshaji wanaosimamiwa na serikali ya shirikisho wanalazimika kukubali bima binafsi inayotimiza tafsiri ya sheria, na tangu Desemba 2022 mikopo inayodhaminiwa na FHA, shirika la serikali linalowadhamini wanunuzi wa nyumba kwa wakopeshaji, nayo inaruhusu bima hizo. Soko hili limekua, na kipindi cha kungoja kati ya kulipa na bima kuanza kazi mara nyingi ni kifupi kuliko siku 30 za NFIP.

Ugumu unatokea kwenye maneno ya hati. Bima inayotimiza tafsiri lazima iwe na ulinzi ulio mpana angalau kama wa NFIP, kiasi unachobeba mwenyewe kabla ya fidia kisizidi kile ambacho NFIP ingeruhusu, na kampuni iahidi kumpa mwenye bima na mkopeshaji taarifa ya siku 45 kabla ya kuifuta. Mwombe wakala aulize kama hati ina ile sentensi ya uthibitisho inayotaja kuwa bima inakidhi tafsiri ya sheria ya shirikisho, kwa sababu sentensi hiyo ikiwamo, mkopeshaji anaweza kuikubali bila kuichambua kifungu kwa kifungu. Isipokuwamo, hati huenda kwa kitengo cha sheria cha benki, na huko siku hupotea. Tuma hati yenyewe, au mfano wake, kwa afisa mikopo kabla ya kulipa.

Angalia mambo mengine mawili kabla ya kusaini. Baadhi ya kampuni huuza bima hizi bila leseni kamili ya jimbo, kwa utaratibu halali unaoruhusiwa kwa hatari ngumu, lakini zikifilisika mfuko wa dhamana wa jimbo haukulipi. Pili, ikiwa tayari una bima ya NFIP yenye bei ya kupanda polepole na unaiacha kwa ajili ya bima binafsi ya bei nafuu, ukirudi baadaye unaweza kuanza na bei kamili. Kwa mnunuzi mpya asiye na bima ya kurithi, hili la pili halina uzito.

Mkopo bila bima

Inapotokea kuwa NFIP imesimama na bima binafsi haipatikani au bei yake haibebeki, wasimamizi wa benki, yaani OCC, Federal Reserve, FDIC, NCUA na FCA, wameeleza katika mwongozo wao wa pamoja wa mwaka 2022 kuwa mkopeshaji anaweza kuendelea kutoa mkopo bila bima ya mafuriko kwa kipindi hicho. Hata hivyo lazima aendelee kufanya uchunguzi wa ukanda, ampe mkopaji taarifa ya maandishi kuwa nyumba iko katika eneo la hatari, apime mwenyewe hatari anayojitwisha, na awe na orodha ya mikopo hiyo ili mpango ukirudi bima ikatwe.

Neno la kushika hapo ni «anaweza». Mkopeshaji hajalazimishwa. Mmoja atasonga mbele, mwingine atadai bima binafsi, wa tatu atasema tungoje. Fannie Mae na Freddie Mac, ambazo hununua sehemu kubwa ya mikopo kutoka kwa wakopeshaji, zimekuwa zikitoa masharti yao kila mpango unaposimama, kwa mfano kutaka ushahidi wa ombi la bima lililojazwa na fedha zilizotengwa kulilipia, au ushahidi wa uhamisho wa bima ya muuzaji. Mikopo ya FHA, ya VA kwa askari wa zamani, na ya USDA kwa vijijini ina taratibu zake. Jibu la jirani yako aliyekopa kwa benki nyingine kwa hiyo halikusaidii. Wanaonunua kwa mikataba isiyo na riba, ya ushirika au ya kukodisha hadi kumiliki, wasidhani wamekwepa. Waulize maswali haya haya, kwa sababu anayefadhili naye huwa na masharti ya mafuriko.

Muulize afisa mikopo kwa maandishi, na udai jibu kwa maandishi. Je, benki yenu inakamilisha mikopo ya ukanda wa A na V wakati NFIP imesimama? Kwa masharti gani? Je, ninajaza ombi la bima sasa na kuacha malipo kwenye akaunti ya amana (escrow), ambako fedha hushikiliwa mpaka zitakapolipwa? Mpango ukirudi, nina siku ngapi za kuleta hati kabla hamjaninunulia bima yenu? Swali la mwisho si la kupuuza. Mkopeshaji anayekuta jengo halina bima ya kutosha humpa mkopaji taarifa, na siku 45 zikipita humkatia bima kwa nguvu na kumtoza. Bima hizo kwa kawaida ni ghali, na humlinda zaidi mkopeshaji.

Ruhusa ya kukopesha bila bima ni ruhusa ya benki, nayo haizuii maji hata tone moja. FEMA yenyewe husema kuwa maji ya inchi moja ndani ya nyumba yanaweza kuleta hasara ya dola 25,000, na misaada ya serikali baada ya maafa, pale inapotolewa, mara nyingi huja kama mkopo mwingine wa kulipa. Malipo ya awali ya wengi wetu yametokana na akiba ya miaka na michango ya ndugu. Ningemshauri mtu anayesaini mwezi wa Agosti kwenye pwani ya Ghuba ya Mexico alipe bima binafsi ya bei ya juu kwa mwaka mmoja, au aahirishe, kabla ya kukubali wiki kadhaa za kukaa wazi. Anayesaini Februari bondeni Ohio ana nafasi zaidi ya kupima, ingawa theluji inayoyeyuka nayo hufurisha mito.

Tarehe zako nyingine

Kuahirisha kuna gharama. Riba uliyofungiwa, yaani kiwango ambacho mkopeshaji ameahidi kutokibadilisha kwa muda fulani, ina tarehe ya mwisho, na kuirefusha kwa kawaida hulipiwa. Uliza mapema kama mkopeshaji atasamehe ada hiyo pale ambapo sababu ni serikali. Mkataba wa mauziano nao una tarehe, na usipokuwa na kifungu kinachoruhusu kuahirisha kwa sababu ya kukosekana kwa bima ya mafuriko, muuzaji anaweza kudai kuwa umevunja mkataba na kushikilia amana yako. Mwombe wakala wako wa nyumba, au mwanasheria katika majimbo ambako ndiye anayesimamia mauziano, aandike nyongeza inayosogeza tarehe hadi siku kadhaa baada ya NFIP kurudi. Muuzaji naye atapata shida ile ile kwa mnunuzi mwingine yeyote wa mkopo, hivyo mara nyingi hukubali. Anayenunua kwa fedha taslimu ndiye pekee asiyefungwa na haya, na muuzaji anaweza kumkimbilia.

Kwa anayebadilisha mkopo wake, mambo ni mepesi zaidi. Bima yako ya NFIP ikiwa hai na kiwango kinatosha, badilisha tu jina la mkopeshaji kwenye hati. Ikiwa unaongeza mkopo na bima inapaswa kupanda pamoja nao, nyongeza hiyo itabidi ingoje au ijazwe na bima binafsi juu yake.

Mwenye nyumba ambaye bima yake inakaribia kwisha alipe mara tu ankara inapofika, kabla ya tarehe ya kusimama, wala asingoje siku ya mwisho. Wanaolipiwa na mkopeshaji kutoka akaunti ya amana wampigie simu kuthibitisha kuwa malipo yametoka.

Mpango ukirudi

Bunge linapofufua NFIP, Rais husaini, na kampuni za bima hufungua maombi. Msongamano huwa mkubwa, kwa hiyo ombi lililojazwa tayari, likiwa na picha na vipimo vya nyumba, hupita mbele ya lile linaloanza upya. Ikiwa ulisaini bila bima, mwombe mkopeshaji barua inayosema kuwa yeye ndiye anayetaka bima hiyo kwa mkopo wa jengo lililo ukandani, na umpe wakala wa bima barua hiyo pamoja na ombi. Bima ya NFIP kwa kawaida huanza kufanya kazi siku 30 baada ya malipo, isipokuwa inapofungamana na sharti la mkopo, na wakala asiyeona ushahidi wa sharti hilo anaweza kukuhesabia siku 30 nzima. Hati ikitoka, soma tarehe ya kuanza, kiwango cha jengo na jina la mwenye rehani, kisha mtumie mkopeshaji nakala na uombe akuthibitishie kwa maandishi kuwa jina lako limeondolewa kwenye orodha ya mikopo isiyo na bima.